Mtoto Ajengwe Kwanza, Ashindanishwe Baadaye: Misingi ya Mazoezi ya Viungo kwa Kata ya Nduruma

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, Japani, Mtanzania Alphonce Simbu aliingia uwanjani akimfukuza Mjerumani Amanal Petros, akampita katika hatua za mwisho kabisa na kumaliza marathoni ya Mashindano ya Riadha ya Dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti kati yao ilikuwa sekunde 0.03. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika historia ya mashindano hayo, na Simbu, ambaye amekuwa akifanya mazoezi mkoani Arusha, aliipata akiwa na umri wa miaka 33.

Umri huo unastahili kutafakariwa na kila mzazi wa Nduruma anayetamani mwanawe awe mwanamichezo. Kati ya mtoto wa miaka 5 anayeingia darasa la awali na mwanamichezo anayesimama jukwaani mbele ya dunia, kuna safari ndefu ambayo sehemu yake ya kwanza haina medali, haina kikombe, na haina hata mshindi. Ndiyo sehemu inayosahaulika kwa urahisi zaidi. Katika michezo mingi mtoto huulizwa mapema mno amekuwa wa ngapi, kabla hajafundishwa namna ya kuanguka bila kuvunjika mkono.

Kata ya Nduruma ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, Wilaya ya Arumeru, katika tambarare ya kusini mashariki mwa Jiji la Arusha. Ni eneo la wakulima na wafugaji linalotegemea maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru. Wakati wa kiangazi viwanja vya shule hugeuka vumbi, na wakati wa masika hugeuka tope. Si mbali na hapo, jijini Arusha, unajengwa uwanja mkubwa kwa ajili ya fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027, zitakazoandaliwa kwa pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda. Uwanja huo utaamsha ndoto za watoto wengi. Makala haya yanaeleza nini kifanyike na mwili wa mtoto kabla ndoto hizo hazijapelekwa kwenye mashindano, na kwa nini mazoezi ya viungo, yaani jimnastiki, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia hata kwa mtoto ambaye baadaye atakuwa mkimbiaji, mlinda mlango au mcheza netiboli.

Jimnastiki ambayo Watanzania wengi wamekwisha kuiona

Neno jimnastiki huwafanya watu wengi wafikirie kumbi za Ulaya na vyuma vinavyong'aa. Hata hivyo, Watanzania wamekuwa na jimnastiki yao kwa miongo mingi. Halaiki ya watoto katika sherehe za kitaifa, wakijipanga kwa mistari, wakipanda mabegani mwa wenzao na kuunda maumbo kwa pamoja, ni mazoezi ya viungo ya hali ya juu. Mchakamchaka wa asubuhi shuleni, pamoja na nyimbo zake, ni mazoezi ya pumzi, miguu na mdundo. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporejea wakawa kiini cha kikundi cha taifa cha sanaa hiyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kiliendeleza kazi ya kufundisha sarakasi pamoja na ngoma na maigizo.

Kilichokosekana si vipaji wala ari. Kilichokosekana katika shule nyingi ni ngazi ya kwanza iliyopangwa: programu ya mtoto wa miaka 4 hadi 9 au 10 inayomfundisha kuutawala mwili wake hatua kwa hatua, bila alama za waamuzi na bila kumlinganisha na mwenzake. Halaiki huhitaji watoto waliokwisha kuwa wepesi, nayo huwachukua kwa wiki chache za maandalizi. Sarakasi huwachukua wale wachache waliojifunza wenyewe mtaani, mara nyingi kwa kuruka kwenye ardhi ngumu. Mtoto aliye mzito kidogo, mwoga, au mwenye ulemavu hubaki pembeni akitazama, na huko pembeni ndiko anakojifunza kwamba michezo si yake.

Msingi wa kisera wa kubadili hali hiyo upo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, imeambatana na mitaala iliyoboreshwa inayoipa michezo nafasi katika elimu ya awali na ya msingi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoandaliwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inamwangalia mtoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8, umri uleule ambao misingi ya mwendo hujengwa. Sheria ya Mtoto ya Mwaka 2009 nayo inaitaja haki ya kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumtimizia mtoto. Kwa maneno mengine, kucheza si zawadi anayopewa mtoto aliyemaliza kazi zake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka viwango vinavyoweza kumsaidia mzazi kupima. Mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na kati ya hizo zisizopungua 60 ziwe za nguvu kiasi cha kumfanya aheme. Kuanzia miaka 5 hadi 17 kiwango ni wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli za namna hiyo, pamoja na shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Mtoto wa Nduruma anayetembea kwenda shule, kuchota maji na kuchunga mbuzi huenda akatimiza dakika hizo bila kusaidiwa na mtu. Lakini kutembea na kubeba ndoo hakumfundishi kuning'inia, kubiringika wala kutua. Anapata uchovu mwingi na aina chache za mwendo.

Kutua ndilo somo la kwanza

Wataalamu wa jimnastiki huugawa mchezo huo, pamoja na mamia ya vitendo vyake, katika mienendo sita ya msingi: kutua, kusafiri, kutulia, kubembea, kuzunguka na kuruka. Vitendo vyote vikubwa vinavyoonekana kwenye Olimpiki vimetokana na hiyo sita. Mwalimu anayeifahamu hahitaji orodha ndefu ya mazoezi, kwa kuwa kila mchezo wa watoto atakaoubuni utaangukia katika mojawapo.

Kutua hutangulia mengine yote, na sababu yake ni ya wazi: kila anayepanda hushuka. Mtoto anaporuka kutoka juu ya benchi, nguvu inayorudi kutoka ardhini kuingia miguuni mwake huweza kuwa mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Nguvu hiyo ikipokewa na magoti yaliyonyooka, hupanda moja kwa moja hadi nyonga na uti wa mgongo. Ikipokewa na vifundo, magoti na nyonga vinavyokunjika pamoja, humezwa na misuli, nayo misuli huimarika kwa kazi hiyo.

Mtoto hufundishwa kutua kwa kuanzia chini kabisa: kuruka palepale alipo, kisha kutoka kwenye tofali moja, kisha kutoka kwenye kisanduku kinachofika nusu ya goti lake. Miguu iwe na nafasi kati yake, magoti yakunjike yakielekea upande wa vidole vya miguu bila kugongana, mikono itangulie mbele, macho yatazame mbele. Akitua, abaki hapo kimya huku wenzake wakihesabu moja, mbili, tatu. Akiyumba, hajashindwa; anarudi kwenye tofali la chini. Watoto hupenda hesabu hiyo ya tatu kuliko mtu mzima anavyoweza kudhani, na mwalimu mwenye subira anaweza kuitumia wiki nzima kwa kubadili mchezo tu: leo watue kama paka ili mwalimu asisikie sauti, kesho watue ndani ya duara lililochorwa chini, keshokutwa waruke wakigeuka robo.

Baada ya kutua kwa miguu hufuata kuanguka. Mtoto anayeanguka hunyoosha mikono yake kwa silika ili kujizuia, na mkono ulionyooka ukikutana na ardhi huweza kuvunjika kati ya kiwiko na kiganja. Mtoto aliyefundishwa hukunja viwiko kidogo, hujikunja na kubiringika kwa bega au kwa upande. Ujuzi huu hauonekani kwenye maonesho na hakuna mzazi atakayeupigia makofi. Faida yake ataiona siku mtoto atakapoteleza kwenye ukingo wa mfereji au kudondoka mtini, na hata atakapokuwa mchezaji wa mpira.

Kusafiri ni namna zote za kutoka hapa kwenda pale. Watoto watembee kama kaa, wachupe kama chura, waende kwa mikono na miguu kama nyani, wapite juu ya mstari uliochorwa kana kwamba ni gogo juu ya mto. Mikono ya mtoto ikishazoea kubeba uzito wa mwili katika miendo hiyo ya wanyama, ndipo anapoweza kuanza kutulia katika mikao migumu zaidi: kusimama kwa mguu mmoja, kulala kifudifudi akiwa amejiinua kwa mikono na vidole vya miguu, na hatimaye kuegemeza miguu ukutani huku mikono ikiwa chini. Kubembea kunahitaji chuma cha usawa au tawi imara. Wengi hawajui kwamba kuning'inia tu kwa sekunde 10, bila kufanya lolote jingine, ni zoezi kamili kwa mtoto wa miaka 5.

Kuhusu kuruka, ukanda wa Arusha una hazina yake. Watoto wa Kimaasai na Kiarusha wamewaona kaka zao wakiruka wima katika ngoma za morani, mwili ukiwa umenyooka kama mkuki, visigino visiguse ardhi kabla ya kupaa tena. Mchupo huo hufundisha nguvu ya vifundo vya miguu na mwili usiolegea, mambo ambayo makocha wa nchi nyingine hutumia muda mwingi kuyatafuta. Mwalimu anaweza kuanza na kile ambacho mtoto anakijua, kisha akamwonesha tofauti: morani hutua ili aruke tena papo hapo, kwa hiyo miguu yake hubaki karibu kunyooka, mwanajimnastiki hutua ili asimame, kwa hiyo magoti yake hukunjika. Mtoto aliyeelewa tofauti hiyo amejifunza jambo kubwa kuhusu mwili wake.

Kuzunguka ndiko kwenye hatari zaidi, na ndiko watoto wanakokimbilia kwanza. Kila uwanja wa shule una mtoto anayejua kupiga sarakasi ya kurudi nyuma, na kila mtoto huyo ana wenzake kumi wanaomwiga. Shingo ya mtoto si ya kubebea mwili. Katika kubiringika mbele, kidevu hugusa kifua, mikono hupokea uzito, na kinachogusa chini ni sehemu ya nyuma ya mabega, utosi hauguswi. Mtoto ambaye mikono yake haijaweza kumbeba katika miendo ya wanyama asiruhusiwe kubiringika mbele, sembuse kuruka akigeuka hewani. Aanze kwa kulala na kujiviringisha kama gogo, kisha kubembea kwa mgongo kama kiti cha kubembea, kisha kubiringika kwenye mteremko mdogo wenye nyasi. Sarakasi ya kurudi nyuma juu ya ardhi ngumu haina nafasi katika programu ya umri huu, hata kama mtoto anaimudu.

Vifaa vya kazi hiyo vinaweza kupatikana ndani ya kata. Shimo la mchanga la wanaruka chini, likichimbuliwa na kuondolewa mawe kabla ya kila kipindi, ni mahali salama pa kutulia. Magunia yaliyojazwa maranda kutoka kwa mafundi seremala na kushonwa vizuri hufanya mkeka mzito unaofaa kubiringikia, ingawa hayafai kwa kuruka kutoka juu. Matairi chakavu yaliyofukiwa nusu hutumika kwa kusafiri na kutulia. Masika yakifika na uwanja ukawa tope, kipindi huhamia darasani: madawati husogezwa kando, na kazi ya siku huwa mikao na mwendo wa wanyama. Kipindi kinachofaa ni cha dakika 30 hadi 45, mara 2 au 3 kwa wiki. Dakika za kwanza ziwe za michezo ya watoto wenyewe, kama rede, kombolela au kuruka kamba, kwa kuwa hakuna njia bora ya kuupasha mwili wa mtoto moto. Darasa likiwa kubwa ligawanywe katika vituo vinne au vitano, na kituo chenye kuzunguka kisimamiwe na mwalimu mwenyewe. Foleni ndefu ya watoto wakingoja zamu ndiyo adui wa kipindi. Anayengoja dakika 10 ili aruke mara moja hakufanya mazoezi.

Maji, mifupa na jua la Nduruma

Kuna jambo moja la mahali hapa ambalo mwalimu wa mazoezi hana budi kulifahamu. Miamba ya volkano inayozunguka Mlima Meru huyapa maji ya maeneo mengi ya ukanda huo madini mengi ya floridi. Kiwango kinachopendekezwa na WHO ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na vyanzo vingi vya ukanda huo vimekuwa vikizidi kiwango hicho. Dalili yake ya kwanza inajulikana na kila mkazi: meno yenye rangi ya kahawia. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa na viungo navyo huweza kuathirika, vikakakamaa, na wengine miguu ikapinda. Ndiyo sababu Serikali imekuwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi huko Ngurdoto, wilayani Arumeru, na ndiyo moja ya sababu za mradi mkubwa wa maji wa Arusha uliogharimu shilingi bilioni 520.

Kwa programu ya mazoezi, maana yake ni hii. Mtoto anayelalamika maumivu ya magoti au mgongo siku baada ya siku, au ambaye viungo vyake havifunguki kama vya wenzake, asiitwe mvivu. Apumzishwe na mzazi wake ashauriwe ampeleke zahanati au kituo cha afya. Maji ya kunywa kwenye mazoezi yatoke katika chanzo kilichothibitishwa kuwa salama. Na kumkalisha mtoto msamba kwa kumkandamiza mabega, jambo linaloonekana katika video nyingi za mitandaoni, kukomeshwe kabisa. Unyumbufu hujengwa na mtoto mwenyewe, kwa miezi, ndani ya mipaka ambayo mwili wake unaikubali.

Mifupa ya mtoto yeyote, hata anayekunywa maji safi, ina sehemu laini karibu na ncha zake ambazo ndizo zinazokua. Mazoezi ya kiasi huziimarisha. Mazoezi mazito yanayorudiwa mno, hasa ya kubeba mwili kwa viganja, huziumiza, na watoto wa jimnastiki duniani kote wanajulikana kwa maumivu ya kifundo cha mkono. Kipindi cha kurefuka kwa kasi, ambacho kwa wastani huja karibu na miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana, huhitaji uangalifu zaidi: mtoto aliyekuwa mahiri mwaka jana huweza kuonekana kama amesahau kila kitu, kwa sababu mikono na miguu yake imekuwa mirefu kuliko ubongo ulivyozoea. Makocha wasiolijua hili huwaacha watoto wakati huohuo wanapohitaji kusubiriwa.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Mtoto aliyeshinda bila kula asirukishwe. Shule yenye utaratibu wa uji iweke kipindi cha mazoezi saa moja au zaidi baada ya uji, na kwa sababu ya joto la tambarare, kipindi kiwe asubuhi au jua linapopungua.

Lini mtoto ashindane

Wazazi wengi huuliza swali hili mapema, na historia ya jimnastiki yenyewe inatoa jibu. Mwaka 1976 huko Montreal, Kanada, Nadia Comăneci wa Romania alipata alama 10 kamili ya kwanza katika jimnastiki ya Olimpiki, akiwa na miaka 14. Dunia ilishangilia, na makocha wengi wakaanza kutafuta watoto wadogo zaidi na kuwafanyisha kazi ngumu zaidi. Madhara yalipoonekana, Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki lilipandisha umri, na tangu 1997 msichana hawezi kushindana katika ngazi ya wakubwa kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Mwaka 2024 huko Paris, Simone Biles wa Marekani alitwaa medali ya dhahabu ya jumla akiwa na miaka 27. Hata mchezo uliodhaniwa kuwa wa watoto umeonesha kwamba subira haipotezi kipaji.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, mlango wa mashindano ya kitaifa ni UMITASHUMTA, unaowakutanisha wanafunzi katika mpira wa miguu, netiboli, wavu, riadha na michezo mingine. Mtoto aliyepita katika misingi sita kabla ya miaka 10 ataingia mlango huo akiwa na mwili unaojua kukimbia, kugeuka, kuruka na kutua. Kabla ya hapo, badala ya mashindano shule iandae maonesho siku ya wazazi. Kila mtoto, awe mwepesi au mzito, mwenye ulemavu au asiye nao, aoneshe kitendo kimoja alichokimudu muhula huo. Mwalimu aweke daftari dogo lenye jina la kila mtoto na mienendo sita, aandike tarehe mtoto alipomudu kila hatua. Daftari hilo humlinganisha mtoto na alivyokuwa Januari, si na jirani yake.

Ulinzi wa mtoto hauwezi kuachwa nje ya mada hii, kwa kuwa kufundisha mazoezi ya viungo kunahitaji wakati mwingine kumshika mtoto ili asianguke. Dunia ilipata somo chungu mwaka 2018, pale daktari wa zamani wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, Larry Nassar, alipohukumiwa kifungo kirefu gerezani kwa udhalilishaji wa kijinsia, baada ya zaidi ya wanawake na wasichana 150 kueleza mahakamani waliyotendewa, wengi wao tangu utotoni. Walikuwepo waliosema mapema na hawakusikilizwa. Kwa hiyo mazoezi yafanyike mahali pa wazi, mbele ya watu wazima wasiopungua wawili. Mwalimu amweleze mtoto atamshika wapi na kwa nini kabla ya kumshika. Mtoto akikataa, zoezi libadilishwe. Mzazi awe na ruhusa ya kuja kutazama siku yoyote bila kutoa taarifa. Anayemzuia mzazi asikabidhiwe mtoto. Jambo lolote lenye shaka liripotiwe kwa mwalimu mkuu, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Wananchi wanaotaka kuanzisha kikundi cha mazoezi cha watoto nje ya utaratibu wa shule waanzie ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata, kisha wamwone Afisa Michezo wa Halmashauri, ambaye atawaelekeza namna ya kusajili kikundi kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Na. 12 ya Mwaka 1967 na marekebisho yake. Kwa walimu wanaohitaji mafunzo zaidi, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kilichopo wilayani Kwimba mkoani Mwanza, hutoa mafunzo ya taaluma ya michezo, na TaSUBa hupokea wanaotaka kujifunza sanaa za jukwaani. Shule isiyo na mwalimu mwenye mafunzo hayo inaweza kuanza na kutua, kusafiri na kutulia peke yake, na kuacha kuzunguka hadi atakapopatikana anayekufahamu.